Harufu ya Chumba Namba Sita

Fotini alifika kwetu Umeå, mji wa chuo huku kaskazini, wiki ya pili ya Januari, baridi ikiwa nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Alikuwa na koti la mvua, sanduku moja, na debe la mafuta ya zeituni kutoka shamba la baba yake, mkulima na mfugaji wa huko Karditsa, Ugiriki. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na amekuja kusoma elimu ya viumbe kwa muhula mmoja tu, kisha arudi chuoni kwake. Walimpa chumba namba tano kwenye korido yetu. Mimi, Alva, nilikuwa namba moja, mwaka wangu wa tatu pale. Vyumba vinane, jiko moja.

Lile jiko ndilo lililomkaribisha. Alisimama mlangoni, mkono puani, akitazama sinki. Maji ya kijivu yalikuwa yametuama humo, na juu yake tambi zilizovimba na kibonge cha nywele cha rangi isiyo ya mtu yeyote ninayemfahamu. Pembeni kulikuwa na sufuria ya wali uliokwisha kuota ukungu wa kijani, mrefu kama manyoya ya paka.

"Nani anapika hapa?" akauliza.

"Wote," nikamjibu.

"Sijauliza vizuri. Nani anaosha?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akavua koti, akakunja mikono ya sweta, na kwa saa tano mfululizo akasugua. Aling'oa mafuta ya miaka nyuma ya jiko kwa kisu. Alitoa kitu kwenye bomba la sinki akakibeba kwa koleo hadi kwenye pipa, akilaani kwa Kigiriki. Mimi nilipita mara mbili kuchukua chai. Sikumsaidia.

Asubuhi tulikuta karatasi imebandikwa kwenye friji, mwandiko mzuri wa mviringo: "Sufuria ya bluu ni mali ya mtu binafsi. Tafadhali isiguswe. Henning."

Fotini aliisoma kwa sauti. Akaibandua, akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena.

"Natafuta neno asante," akaniambia. "Labda wino umekwisha."

Henning alikuwa mwakilishi wa korido, mwenye chumba namba mbili. Usinielewe vibaya, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na sauti ya taratibu, hajawahi kumgombeza mtu, na kila jambo alilimaliza kwa karatasi. Mayai yake ndani ya friji yalikuwa na herufi H, moja moja.

"Hata yai lina jina?" Fotini akamuuliza siku moja.

"Ni ili tusikoseane."

"Kwetu ukikosa yai unagonga kwa jirani."

"Huku kwetu hatupendi kusumbuana," Henning akajibu kwa upole, akafunga friji.

Basi muhula ukaenda hivyo. Fotini alihudhuria mihadhara, akajifunza kutembea juu ya barafu bila kuanguka, akafanya urafiki na Iker wa chumba namba tatu, mgeni mwenzake, Mbaski mmoja mwenye mdomo ambaye naye alikuja kwa muhula huo huo. Akaacha kusugua jiko. Akanunua sufuria yake, akaiweka kabatini, akatia kufuli. Nilipoiona ile kufuli nilijisemea, haya, sasa amekuwa wa kwetu.

Mwishoni mwa Machi jua lilianza kupiga madirisha, theluji ikaanza kudondoka kutoka kwenye paa, na harufu ikaanza.

Siku za kwanza ilikuwa kama kitambaa kibichi kilichosahaulika. Wiki moja baadaye ilikuwa tamu, tamu ya kuchefua, inayokaa nyuma ya ulimi hata ukishateremka mtaani. Ilishika nguo. Darasani msichana mmoja alihama kiti kilichokuwa karibu nami. Tukatupa takataka, tukamwaga dawa ya klorini kwenye bomba, tukafungua madirisha ya jiko mpaka vidole vikafa ganzi. Haikuondoka. Kisha karatasi ikatokea kwenye rafu ya Fotini: "Kitu kinachonuka hapa kiondolewe kabla ya Jumatano." Na Jumatano jioni Henning akaitisha kikao, na kahawa, na maandazi ya mdalasini.

"Labda Henning alikufa tangu Krismasi na hatujagundua," Iker akaninong'oneza.

"Sitaki kumtaja mtu," Henning akaanza. "Ila harufu imeanza baada ya kifurushi fulani kutoka nje."

Ni kweli mama yake Fotini alikuwa amemtumia jibini. Fotini akainuka, akafungua friji, akatoa lile donge la jibini ndani ya karatasi yake, akalisogeza hadi chini ya pua ya Henning.

"Nusa."

"Si lazima tufanye…"

"Nusa, kaka. Vuta vizuri."

Henning akanusa. Masikio yakamwiva.

"Hii ni jibini," Fotini akasema. "Ile ni mzoga. Mtoto wa mfugaji hawezi kukosea."

Akatoka. Tukamfuata na vikombe mkononi. Alipita mlango hadi mlango, anainama, ananusa chini, anasonga mbele. Kwenye namba sita alipiga magoti na kuinuka papo hapo, machozi yakimtoka.

"Nani anakaa humu?"

Tukatazamana.

"Sixten," nikasema mwishowe. "Kijana wa Lycksele. Mwaka wa pili."

"Mara ya mwisho mmemwona lini?"

Iker akasema alidhani amehama. Henning akasema Sixten amekosa zamu ya usafi mara tatu, na mara zote tatu amemwandikia. Tukaangalia chini. Ncha za karatasi tatu zilikuwa zimechomoza chini ya mlango, safi, hazijaguswa.

Fotini akapiga mlango kwa ngumi.

"Taratibu," Henning akasema. "Huku hatuvunji faragha ya mtu."

"Mtu akioza mnamwongezea karatasi?" Akapiga tena. "We Sixten! Fungua!"

Kisha sauti ikatoka ndani, kavu, ya mtu asiyeongea siku nyingi:

"Niacheni."

"Yu hai," Iker akasema, na mara hii hakufanya mzaha.

"Usipofungua naita zimamoto," Fotini akasema, "wabomoe mlango, na mtaa mzima uje kutazama."

Kufuli ikalia.

Sitaki kukieleza chumba kile chote. Pazia limefungwa. Sahani zilizogandamana. Chupa zimepangwa kando ya kitanda, na ndani yake hamkuwa na maji ya matunda bali mkojo. Sixten alisimama katikati akiwa amevaa chupi na sweta, nywele zimegandamana, vipele vyekundu shingoni, na alikuwa anatutazama kama mtu aliyeamshwa na mwanga. Chini ya meza kulikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki umevimba. Kitu cha kahawia kilikuwa kimechuruzika kutoka humo na kuingia kwenye zulia, na ndani ya ule mfuko, ukitazama sana, plastiki ilikuwa inatembea kwa funza.

Fotini alikimbilia jikoni akatapika. Akarudi akiwa amevaa glavu za mpira.

"Ni nini hiki?"

"Nyama ya elki," Sixten akasema. Elki ni yule paa mkubwa wa misitu yetu. "Baba aliniwekea akiba ya muhula. Friza ilikuwa imejaa. Nikaitundika nje ya dirisha. Jua lilipotoka nikaiingiza, nikasema kesho nitaitupa."

"Kesho ya lini?"

"Sijui." Akatafuta pa kukaa, hapakuwepo. "Nilifeli mitihani ya Januari. Nyumbani hawajui."

Nikakumbuka. Mwezi wa kwanza alinikuta kwenye friza, mfuko huo mikononi, akaniuliza kama nina nafasi. Nilimwambia aongee na Henning. Henning alimwambia droo zimeshagawiwa. Droo yangu siku ile ilikuwa na mkate mmoja na barafu.

Fotini akaushika mfuko kwa chini, akaanza kuuburuta. Ulipofika kwenye korido ukapasuka pembeni, na mstari wa ule uchafu ukaandamana naye kuelekea ngazi. Nikasikia milango ikifungwa, mmoja baada ya mwingine. Na wangu. Ndiyo, na mimi nilijifungia. Nilisimama nyuma ya mlango nikipumua kupitia shali, nikimsikia akikohoa na kulaani peke yake, mpaka nikajiona mchafu kuliko lile zulia. Nikatoka na ndoo.

"Umechelewa," akasema. "Shika huku."

Tulimaliza usiku wa manane. Alimsukuma Sixten bafuni, akampa sabuni yake mwenyewe. "Unanuka kama beberu," alimwambia mlangoni, "na beberu walau ana sababu." Sixten akacheka, cheko fupi la ajabu, kisha akalia kwa muda mrefu, maji yakimwagika. Asubuhi Fotini alimpeleka kwa daktari kwa miguu, amemshika mkono wa koti kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani.

Siku mbili baadaye mama yake Sixten, Barbro, akaja kwa basi kutoka Lycksele. Mwanamke mfupi, macho mekundu. Alipakia vitu vya mwanawe, akafagia chumba ambacho tulikwisha kukifagia, kisha akaja jikoni, akampa Henning mkono.

"Samahani kwa usumbufu," akasema.

"Hakuna shida kabisa," Henning akasema. "Tumeelewa."

Fotini alikuwa sinkini. Akatema mate ndani yake, mbele yetu wote.

"Mama," akamwambia Barbro, "usimwombe samahani mtu huyu. Wala mimi. Chumba changu kiko ukuta kwa ukuta na cha mwanao. Wiki nane nilimsikia akikohoa. Unajua nilisema nini? Nilisema, afadhali jirani yangu mtulivu."

Barbro akamshika Fotini shavu kidogo, akaondoka na mwanawe.

Fotini alikaa hadi Juni. Nyama hakuitia tena mdomoni. Jikoni hakuingia, alikula mkate na zeituni chumbani. Kwenye sherehe ya kuwaaga wageni Henning alitoa hotuba kuhusu umoja wa korido yetu. Kiti cha Fotini kilikuwa kitupu. Alifaulu masomo mawili kati ya manne. Siku ya kuondoka nilimsindikiza kituoni, nikamwambia nasikitika.

"Sikitika tu," akasema, akapanda basi.

Sixten hakurudi chuoni. Yuko kwa mjomba wake, kwenye kiwanda cha mbao, na Barbro ameniandikia kwamba siku hizi anakula mezani pamoja na watu. Chumba namba sita walibadilisha sakafu. Agosti akaingia Mwaustria mmoja, na mimi mwezi huo huo nikahama.