Kanda za Chumba cha Nyuma

Kila Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, mimi na shemeji yangu tulikuwa tunaingia chumba cha nyuma cha duka la vitambaa sokoni Garissa kutazama video za wanawake uchi. Nalitaja jambo hili wazi kwa sababu siku ya kulitaja sikulitaja. Yeye alikuwa dereva wa lori la bidhaa za kambi ya wakimbizi ya Ifo, mimi karani wa ofisi ya mifugo, watu wazima wenye ndevu zetu. Kanda zilitoka Nairobi kwa basi, zimefichwa ndani ya majora ya vitambaa. Jenereta lilikuwa ujiani, na moshi wake ulituganda kwenye nguo.

"Leo iko mpya," mwenye duka alikuwa anatuambia. "Ingia, funga mlango."

Tulicheka sana mle ndani. Mwanamke wa kwenye kioo cha televisheni hachoki, hakatai, wala hana mama mgonjwa. Shemeji akaanza kumpima dada yangu kwa kipimo hicho. Niliyajua kwa mama, aliyeniambia kwa aibu: "Mume wa dada yako anasema ameoa gogo. Anataka awe kama wanawake fulani. Wanawake gani hao?"

Nikamwambia sijui. Nilikuwa sijaoa bado, na dada ndiye aliyekuwa akinifulia nguo. Nilimpelekea mashati yangu wiki ile kama kawaida.

Dada alivumilia miezi kadhaa. Kisha usiku mmoja, kwa kuogopa kuachwa, akajaribu kuwa vile alivyotakiwa. Asubuhi yake mume akaenda kwa baba yetu mdogo kudai kikao.

Wanaume tulikaa mkekani, chai ya maziwa ya ngamia mbele yetu. Kwetu Wasomali mke hajisemei kwenye kikao kama hicho. Husemewa na baba yake, na baba akiwa amefariki, na kaka yake. Msemaji wa dada nilikuwa mimi. Yeye alisimama nyuma ya pazia, nikaona vidole vya miguu yake.

"Mke huyu anajua mambo ambayo binti wa watu wenye heshima hayajui," shemeji alisema. "Nataka kujua nani kamfundisha."

Baba mdogo akanigeukia. "Haya, wewe ndiye kaka yake. Sema."

Sentensi moja ingetosha: aliyemfundisha ni mume mwenyewe, naye kafundishwa na kanda. Shemeji alinikazia macho. Alijua wataniuliza nimejuaje.

"Sijui, adeer," nikamwambia baba mdogo. Nilijichukia hata kabla sijafunga mdomo.

Talaka ikatolewa palepale. Nyumba kwetu ni ya fito na mikeka, nayo ni mali ya mke: mikeka yake husukwa na mama na shangazi zake kabla ya harusi, na akiachwa huifungua na kuondoka nayo. Nilikwenda kumsaidia. Tulifungua kamba, fito moja baada ya nyingine, mpaka likabaki duara la udongo lililofagiliwa na chetezo cha ubani katikati.

"Walaal, ndugu yangu," akaniambia, akiendelea na kamba, "ofisi yenu ina jenereta?"

"Haina."

"Kila Alhamisi shati lako lilinuka moshi kama la shemeji yako. Nimeyafua yote mawili kwa mikono hii." Akaukunja mkeka, akaukandamiza kwa goti. "Kule nyuma ya pazia nilikuwa nasubiri useme."

Nikachukua mkeka uliofuata, nikaukunja. Mikeka ikapakiwa kwenye mkokoteni wa punda, akahamia kwa shangazi yetu kule Hulugho. Hakuna aliyekuja kumposa tena. Swali la shemeji lilikuwa limemtangulia huko.

Mwaka uliofuata nilioa. Haikupita wiki nikajikuta namtazama mke wangu, mtoto wa watu aliyenifukizia nyumba kila jioni, nikimwona hatoshi. Nilijua kipimo hicho nimekitoa wapi. Alhamisi ilipofika nikarudi chumba cha nyuma, na shati nikalifua mwenyewe.