Mwanamke wa Filamu Hakusema Vile

Jumapili ile tulitoka kanisani tukaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya video, mimi, mchumba wangu na mama yake. Nilikuwa bado na kitenge cha kwaya mwilini na furaha tele moyoni, maana mchumba wangu alikuwa amesikia kwamba kuna filamu ya watunga mashairi wawili waliooana. Hapa kwetu mjini Baraka, kando ya ziwa, video ni vita na karate. Kwa hiyo nilijiambia kwamba hii imekuja kwa ajili yetu sisi wawili.

Maana na sisi tunatunga. Yeye ni seremala, mimi nauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni na nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa sekondari, basi. Tulikuwa tunatungia kwaya moja ya vijana, na tulipendana siku tuliyogombana juu ya ubeti wa wimbo wa Pasaka mpaka wenzetu wakachoka, wakazima taa na kutuacha humo ndani tukibishana gizani.

Mama yake alijua yote hayo na hakuyapenda. Mara moja alinishika mkono nyuma ya kanisa, akaniambia kwa upole, "Binti yangu, siku utaingia kwangu, mambo ya kutunga utaachia bwana yako. Nyumba moja, mutunzi moja. Sawa?"

Sikusema sawa. Nilitabasamu tu, na yeye akalichukua tabasamu langu akaenda nalo.

Mle kwenye video tunasikia filamu kupitia mtu. Kuna kaka mmoja anakaa karibu na televisheni na mikrofoni yake, na kila neno la Kifaransa analigeuza Kiswahili hapo hapo. Alifanya kazi hiyo Misisi, kwa wachimba dhahabu, na anaijua kweli. Jemadari akikasirika, sauti yake inakuwa nzito. Mwanamke akilia, inakuwa nyembamba kama sindano. Tatizo ni kwamba haruhusiwi kunyamaza. Akinyamaza kidogo tu, mabenchi yanaanza kulalamika kwamba analala.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Nyumba ndogo, meza moja dirishani. Bwana anakaa mezani kuandika, bibi anaandika amesimama jikoni, mtoto kiunoni, karatasi juu ya mfuniko wa sufuria. Bwana anajulikana, anaalikwa huku na kule, anarudi na harufu ya watu wengine. Wanagombana, sahani zinaruka. Kila mara bibi alipoanza kusoma shairi lake kwa sauti, mtafsiri alisema, "Hapa anaimba-imba tu, tupite." Mimi nilishika neno moja la mvua, neno moja la mikono, basi likapita. Nililitamani lile shairi kama mwenye kiu.

Mwishoni bibi anasimama mlangoni na sanduku, anaiangalia ile meza. Anaiangalia muda mrefu. Uso wake ulijaa televisheni nzima na hakusema kitu. Mabenchi yakaanza kunung'unika, na mtafsiri akaileta ile sauti yake nyembamba: "Ee bwana yangu, unisamehe. Kama singeshika kalamu, ndoa yetu ingepona."

Bamama wote wakaguna kwa huruma. Mama wa mchumba wangu akanigeukia. "Umesikia kwa masikio yako?"

Nikajikuta nimesimama. "Kaka mutafsiri, ule mama hakusema vile. Hata kinywa hakufungua."

"We dada, unajua Kifaransa kunipita?"

"Sijui. Lakini mudomo najua. Mudomo yake iko imefungwa."

Watu wakacheka. Mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Rudisha tuone." Mtafsiri akairudisha, na kweli, midomo ya yule mwanamke ilikuwa imebana kama mlango wa duka siku ya Jumapili.

"Alikuwa anawaza," mtafsiri akasema bila aibu. "Mi nimetafsiri mawazo."

Mabenchi yalikufa kwa kicheko. Mimi nilibaki nimesimama, huku mama wa mchumba wangu akinivuta kitenge. "Kaa. Unatuletea haya." Nikamwangalia mchumba wangu aniokoe. Yeye alikuwa anaangalia vidole vyake vyenye gundi iliyokauka, kimya.

Kimya kile kiliniuma kuliko vicheko vyote, na kikapata watafsiri wengi. Mama yake alisema mtaani kwamba kijana wake amekubali: bibi ataifungia kalamu yake. Shangazi yangu alisema ameona haya juu yangu. Na ile filamu ikawa shahidi wao. "Hata Bazungu bameshindwa," waliniambia pale sokoni, wakichagua ndagala zangu, "nyinyi ndiyo mutaweza?"

Ikafika siku ya mali, siku ya kuleta mahari. Ndugu zake walishuka kutoka Fizi kwa pikipiki, na mbuzi wakaja pia, wamekasirika kwa safari. Kwetu, kabla wazee hawajagusa mali, msichana anaitwa mbele ya wote na kuulizwa. Shangazi alikuwa amenifundisha: macho kwenye mkeka, sauti chini, neno moja.

"Binti yetu," akaniuliza, "tukule hii mali?"

Nikainua macho. "Shangazi, niko na neno mbele. Mama mukwe alisema nikiolewa niache kutunga. Kama kalamu yangu iko ndani ya hii mali, musikule. Mbuzi barudi Fizi."

Shangazi alifunika uso na kitenge. Mama mkwe akasema kwa utulivu, "Kijana wangu alishakubali ile mambo."

"Mama, kwa heshima yote, tusimusemee. Kinywa iko nayo."

Chumba kizima kikamgeukia mchumba wangu. Sitasema sikuogopa. Nilimpenda. Kama angenyamaza tena, ningerudi kwenye ndagala zangu na kuzililia, chumvi zimeshaizoea. Lakini neno nisingelirudisha.

Akasimama, akajikuna shingo. "Ile filamu," akasema, "shida niliona mi ni meza. Meza moja, batu wawili. Bwana alikaa, bibi akasimama mpaka mwisho. Siku ile nilinyamaza sababu nilikuwa napima mbao mu kichwa." Watu wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. "Nitatengeneza mbili. Mama, kama ni haya, haya nitaibeba mimi."

Shangazi akashusha kitenge. "Basi tukule?"

"Mukule," nikajibu, kwa sauti ya kwaya, mpaka mbuzi wakashtuka.

Meza yangu ni ya mvule, mguu mmoja umezidi wenzake kidogo na fundi anakataa kukiri. Mama mkwe akija kutusalimia, anaweka juu yake beseni la mihogo. Nami ninaliteremsha chini, namletea kiti, tunaongea vizuri. Akija tena, analiweka tena.

Shairi la yule mwanamke mpaka leo silijui. Namtungia jingine, lenye mvua na mikono. Beseni liko chini.