Mkwe, Beleshi na Mlima

Mke wangu Seraina ndiye mpima theluji wa kijiji chetu, mwaka wa kumi na tisa huu. Kila wiki mbili huchimba shimo mlimani, akakata nguzo ya theluji, akaweka beleshi juu yake na kuligonga kwa kiganja. Nguzo ikikatika mapema, ni dalili kwamba theluji ya mlimani yaweza kuporomoka; hupiga simu, na barabara ya bondeni hufungwa. Hajawahi kudanganya. Huyo hata umri wake huutaja!

Sasa mama yangu, Bi Uorschla, alikuja kula Krismasi, siku tatu tu. Wiki ya sita bado yupo, na kila supu ya shayiri ina kasoro. Jumanne wakarushiana maneno juu ya chumvi, mama akafunga sanduku.

"Kesho basi la saa nne, mtaniona kisogo!"

Seraina akampigia koti pasi, kwa hiari yake mwenyewe.

Alfajiri nikamfuata shimoni. Theluji ya chini ilikuwa chembechembe kama sukari. Pigo la kumi na moja, nguzo ikateleza yote.

Akakaa kitako. "Duri, hebu gonga wewe. Labda mimi nimegonga kwa hasira."

Nikagonga kama nambembeleza mtoto mchanga. La nane tu, ikateleza.

"Mungu wangu," akasema, machozi yanamlengalenga. Kisha akapiga simu.

Mama akawaka. "Basi haliji? Unanifungia hapa nikuoshee vyombo, sivyo?"

"Mama, ningeweza ningekubeba mgongoni mpaka stesheni!"

Saa nne na dakika tano mlima ukanguruma, madirisha yakatetemeka. Vumbi la theluji lilipotulia, kibanda cha basi hakikuwepo. Mama, aliyekuwa dirishani na mkoba wake, akavua koti, akalitundika, akaketi mezani.

"Seraina mwanangu," akasema, "supu yako haina chumvi. Nipe bakuli kubwa."

Barabara ilifunguliwa baada ya siku tisa. Mama akagoma.

"Siendi mpaka apime mkwe wangu."

Seraina alipanda mlima mbiombio. Akagonga mara thelathini, nguzo haikutikisika. Akarudi anahema. "Imara, Mama! Imara kama jiwe!"

Mlangoni mama akamkumbatia, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona. "Nakuamini wewe tu. Hebu niambie, Pasaka barabara huwaje?"

Seraina akanitazama. Akameza mate.

"Salama, Mama," akasema. "Salama kabisa."