Kulungu Aliyesingiziwa
Delbert Quillen, mtu wa milima ya West Virginia, alikuwa na mchezo wake. Kila akifika kwenye mteremko hulitia nyutro gari lake la otomatiki, yaani huliondoa kwenye gia, likajiendea lenyewe, ili aokoe petroli. Mkewe, Oleta, alimkanya mpaka akachoka.

"Mzee, gia ndiyo inayolizuia gari. Ipo siku breki zitakushinda."

"Hii ni akili, mama, si ubahili."

Siku ya siku, wakiwa wote wawili garini, katikati ya mteremko, breki zikapata moto, zikakataa kushika, gari likatumbukia mtaroni. Delbert hakupata hata mkwaruzo. Oleta akavunjika mkono.

Jumapili, kwenye chakula cha kanisani, Oleta akawaambia watu kwamba mumewe alikuwa akimkwepa kulungu. Wakamsifu Delbert kwa ushujaa. Yeye alikuwa ameinama, anamkatia mkewe nyama vipande vidogo, maana mkono wake ulikuwa umefungwa plasta, na kila sifa ilimchoma kama mwiba.

"Hapakuwa na kulungu," akasema ghafla. "Ni mimi na nyutro yangu."

Oleta akamsogezea sahani.

"Haya, umeshasema. Sasa kata nyama, nina njaa."