Majembe Yaliyotoka Kwangu

Miche ya matunda damu niliinunua Nkubu, kila mche na udongo wake ndani ya mfuko. Kwenye mfuko mmoja palichungulia mmea mdogo wa majani matatu na ua la rangi ya waridi. Nikaliona zuri, nikalipanda pamoja na mche. Mjinga ni mimi.

Magugu ya kwetu nayajua. Managu na terere nayachuma kwanza, jioni napika mboga. Mengine hung'oka, yakaoza na kulisha udongo. Hili geni lilikuwa na mizizi kama vitunguu vidogovidogo ardhini, na kila nilipolima jembe lilivitawanya, vikaota upya. Nikalima tena na tena, mpaka udongo ukawa unga. Mvua ikausomba, maji mekundu yakateremka mtoni, gugu likabaki.

Sisi wanawake wa Kianjokoma hulimiana kwa zamu, kila Jumatano kwa mmoja. Zamu yangu ilipokaribia nilikosa usingizi. Nikisema, nani ataingia na jembe lake? Nisiposema, vitunguu vitaondoka na tope la majembe hadi kwa anayefuata, jirani yangu mjane, ambaye yeye na wanawe hula viazi vya shamba lake. Jumanne nikafyeka majani yote wasiyaone. Jumatano nikawapikia chai, nikanyamaza, nikayatazama majembe yakitoka langoni na tope langu.

Msimu mzima nikawa mpelelezi. Nilipita kwake nikijifanya naomba chumvi, macho kwenye matuta. Nikiona kijani, nasogea karibu; kumbe ni mukengeria tu, gugu la siku zote. Viazi vilipofunika matuta sikuona tena kitu, nikajiambia nimeponea.

Zamu yangu ikarudi. Nikafyeka tena. Wenzangu waliingia wakicheka, lakini jirani yangu alibaki langoni, ameinamia karai la maji alilokuja nalo, akisugua jembe kwa gunzi la mahindi.

“Ingia basi, mbona unachelewa?” nikamwita.

“Ngoja kwanza, dadangu. Kuna majani mbaya imeingia kwangu, ya maua ya pinki. Imemaliza shamba. Sijui ilitoka wapi. Sitaki nikuletee.”

Nikasogea langoni. Jembe lilikuwa limeshatakata, naye bado anasugua.

“Usilioshe sasa,” nikasema. “Utaliosha ukitoka.”

Gunzi likasimama. Akainua kichwa, akanitazama.