Kikapu Kisichoanikwa

Milulu iliyolowekwa ina harufu ya tope na majani mabichi, na masika yale harufu hiyo ilijaa nyumba yetu yote ya Mlandege, mjini Iringa, kwa sababu bibi mzaa mama alikuja kukaa nasi na mafungu yake ya nyasi hizo za kusukia vikapu. Nilikuwa darasa la tano, mdadisi wa kuudhi watu. Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba dunia nzima sasa inatambua mila kuwa ni urithi: kuna wanaoheshimiwa kwa kuoka mkate, wengine kwa kuongea kwa mluzi kutoka mlima hadi mlima. Kuoka mkate! Nilishangaa kweli. Akataka kila mmoja alete kitu cha kwao. Sikufikiri mara mbili. Bibi alikuwa na kikapu cheusi kwa uzee, alichokisuka kwa kukibana hivi kwamba ukikimiminia ulanzi, ile pombe ya mianzi, hakivuji. Nikajigamba darasani mpaka wakanichoka.

Mama, Mlutheri wa kwaya, hakutaka harufu ya pombe iingie shuleni. Akakisugua kwa sabuni, akakianika juani kutwa mpaka kikakauka kau. Darasani nikamimina maji mbele ya wote, nayo yakanitiririkia miguuni. Walicheka hadi wa darasa la jirani wakaja kuchungulia. Kicheko ningekivumilia, lakini walisema bibi yangu ni mwongo, na hilo liliniuma sana.

Bibi alipokiona tu alimgeukia mama. "Mmekianika? Hiki hakianikwi, we mwanangu. Hiki kinanyweshwa." Akakilaza kwenye beseni la maji, milulu ikavimba na kubanana. Kesho yake alikipeleka mwenyewe. Akamwamkia mwalimu, "Kamwene," akakijaza maji, akakipakata juu ya kitenge chake kipindi kizima. Aliposimama, kitenge kilikuwa kikavu. Njiani nilimsumbua aniambie anavyokibana. "Maneno hayasuki," alinijibu. "Ukae chini, ushike milulu."

Siku hizi vikapu vya Iringa vinapendwa hadi ng'ambo, na sokoni vimepangwa vizuri mno, nami nafurahi. Ila nikichukua kimoja nikauliza kama kinashika maji, muuzaji hunicheka: "Dada, hicho cha matunda." Hana kosa. Bibi hayupo tena, na katika ukoo wetu aliyekaa chini kujifunza ni mimi peke yangu. Juzi nimemaliza kingine, nikakilowesha, nikakijaza maji. Kinavuja, lakini taratibu kuliko kile cha mwaka jana.