Mwalimu Tupa na Mwanafunzi Wake Bora

Walimwita Mwalimu Tupa, na jina lilimkaa. Nyuma ya duka lake la fotokopi alikuwa na kompyuta nne, na kila Jumamosi mchana aliwafundisha watu wasiojua kitu kucheza poka mtandaoni, wapate ile bonasi ambayo tovuti humpa mtu akijiunga. Somo lenyewe fupi. Ukipewa karata mbili nzuri, jozi kubwa au ree na mfalme, cheza. Nyingine zote tupa, usizionee huruma. Bonasi ikishafunguka, itoe uende zako.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikuwa akisema. "Sasa nyie ondokeni siku ya pili, jembe walilime wenyewe."

Walicheka, lakini kutupa kuliwashinda. Fundi viatu, mwanafunzi wa siku nyingi, aling'ang'ania mbili na saba, karata mbovu kuliko zote, kama mtoto wa kumzaa.

Mkewe Mwalimu alikuwa mshonaji, anafanyia kazi nyumbani, mtaa wa pili tu. Karata hakuzipenda hata kidogo. Lakini bonasi mtu hupewa mara moja, na mumewe alishazimaliza tovuti zote alizozijua, na moja yenye bonasi nono sasa ilitaka mgeni mpya. Akambembeleza wiki nzima. Cherehani yako imechoka, mke wangu, hii moja tu tukununulie nyingine. Akakubali, maana kumnyima mumewe kitu hakujua.

Jumamosi ile, mume anatoka, mke akamwambia, "Kichwa kinanigonga tangu alfajiri. Leo niache."

"Mashindano ya wageni ni leo tu, bila hayo bonasi haifunguki. Kompyuta nimekuwekea hapo mezani, si unakaa tu? Tupa, tupa, ukimaliza ulale."

Alikuwa na haraka, jamani. Hata paji la uso hakumgusa.

Saa nane mashindano yakaanza. Mwalimu akafungua meza ya mkewe kwenye skrini kubwa, darasa zima lione. Mkewe akacheza mizunguko michache, tena vizuri, kisha akaanza kutupa. Akatupa, akatupa. Nusu saa ikapita, bado anatupa.

"Mtazameni," Mwalimu akasema, kifua mbele. "Kila siku nawaimbia subira, hamnisikii. Huyo kaanza juzi tu."

Dada wa duka la dawa, aliyekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza, akauliza, "Mbona kila zamu anangoja mpaka muda unaisha?"

"Anafikiri. Ndivyo nilivyomfundisha."

Na hapo ndipo pananiuma mimi ninayesimulia. Alijua, tena kuliko wote mle ndani, kwamba mchezaji akiondoka mezani mashine humngoja, muda ukiisha inamtupia karata yenyewe. Alishawafundisha watu chungu nzima. Lakini fahari ilimziba macho, akakaa anamsifu mkewe saa nzima, mpaka dau la lazima, lile linalokatwa hata usipocheza, likammaliza na jina lake likatoka mezani.

Akapiga simu amtanie. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu hakungoja, alitoka mbio na duka akaliacha wazi.

Alimkuta sakafuni, kando ya cherehani, kompyuta iko mezani inawaka. Bado alikuwa anapumua. Hospitali walisema mshipa wa kichwani ulipasuka, na kwamba angewahishwa saa moja kabla, pengine. Alfajiri akafariki.

Walipotoka kuzika, mama mkwe alimwita, wakakaa kwenye benchi wawili tu. Mama wa watu hakuwa na hasira.

"Mwanangu, sikulaumu," alisema. "Nataka kujua tu nitulie. Mwenzio anaanguka, wewe ulikuwa wapi?"

Alitafuta uongo wa kumpa, hata mdogo, akaukosa.

"Nilikuwa namwangalia, mama," akasema. "Nilikuwa namsifu."